Mji wa Juni Mosi

Mtu akija kunisimulia ndoto yake, jambo la kwanza ninalojiuliza ni anataka nini kwangu. Nimewaona wengi walioota kwamba ukatibu wa jumuiya ni wao, au kwamba marehemu shangazi kawatokea na kusema nyumba wapewe wao na si wengine, na sijawahi kumsikia aliyeota jambo la kumharibia mambo yake mwenyewe. Kwa hiyo ninyi mnaosoma haya mna haki ya kunitilia shaka, nami sitawalaumu, maana ningekuwa ninyi ningefanya vivyo hivyo. Nitakachosema ni kwamba ndoto hii niliiota mchana kweupe, nimeshiba wali na dengu, na haikunipa faida yoyote. Ilininyang'anya hata kile kidogo nilichokuwa na uhakika nacho.

Jina langu ni Kokila Vaghela, binti wa fundi wa reli, mkazi wa Tanga tangu kuzaliwa, na kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayeandaa kalenda ya ukutani ya jumuiya yetu ya Wahindi wa hapa mjini. Zamani iliandikwa kwa Kigujarati, lakini wajukuu wetu hawayajui tena maandishi yale, basi siku hizi huandikwa kwa Kiswahili. Kila siku ina ukurasa wake wa kuchana, na chini ya tarehe kuna safu mbili: kushoto Wahindi mashuhuri waliozaliwa siku kama hiyo, kulia waliofariki siku kama hiyo, wawe wa kule Bara Hindi au wa huku kwetu. Watu wanaipenda mno. Wapo wazee ambao hawagusi chai ya asubuhi mpaka wasome leo ni siku ya nani. Na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna anayejipenyeza, maana watu hujipenyeza, jamani. Kuna aliyeniletea babu yake eti mshairi, kumbe marehemu aliandika mashairi mawili tu, yote ya kumsifu mkwewe. Kuna aliyeisogeza tarehe ya kifo cha mjomba wake ili afe siku moja na mtu mkubwa. Wote hao niliwakamata. Nina kalamu nyekundu, na wenzangu wa kamati huniita Polisi, nami sikasiriki.

Mwaka huu nilipofika ukurasa wa Juni mosi nikakuta majina kumi na manne upande wa kushoto. Siku nyingine hupata mawili au matatu, na ziko siku ninazolazimika kuweka picha ya ua ili kujaza nafasi. Kumi na manne! Daktari, mpiga mieleka, mwimbaji, mjenga madaraja, miaka mbalimbali, lakini wote Juni mosi na wote watoto wa vijijini. Upande wa kulia, wa waliofariki, hapakuwa na hata mmoja. Nikasema moyoni, hapa pana mchezo. Nikaweka alama ya kuuliza nyekundu mbele ya kila jina, nikaazimia kuwafuta wote kabla mpiga chapa hajaja kuchukua kurasa kesho yake saa nne asubuhi.

Nilikuwa bado na kalamu mkononi, pale ukumbini kwetu, alipoingia Mzee Karsan Mistry, fundi seremala mwenye miaka themanini na ushei, amevaa shati la kupigwa pasi na ameshika bahasha kwa mikono miwili. Dada yake, Mwalimu Jasumati, alifariki mwaka jana. Mji mzima ulimjua: aliwafundisha wasichana wetu kusoma kwa miaka thelathini na sita, hakuolewa, hakuzaa, na mimi mwenyewe aliushika mkono wangu nikaandika herufi yangu ya kwanza.

"Kokilaben," alisema, kwa desturi yetu ya kuambatisha udada kwenye jina, "nasikia kurasa zinakwenda kesho. Nimekuja kumwombea Jasu nafasi. Juni mosi, kushoto na kulia."

"Kushoto na kulia?"

"Alizaliwa Juni mosi na akafa Juni mosi. Asubuhi nilimpa hongera ya kutimiza tisini na moja, alasiri akatuaga."

Mwili wangu mzima ukasimama kama paka aliyesikia mchakacho darini. "Karsanbhai," nilisema, nami nikimpa ukaka wake, "cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Hakipo. Alizaliwa kijijini huko Kathiawar, Bara Hindi, nani angeandika? Ipo karatasi ya shule. Na hiki hapa cheti cha kifo, cha serikali, kina mhuri."

"Karatasi ya shule si cheti cha kuzaliwa. Na mtu anayenidanganya mlango wa kuingilia, kwa nini nimwamini mlango wa kutokea?" Kisha nikapaza sauti, maana kulikuwa na akina mama wanne wanapanga viti vya harusi. "Huyu naye ni Juni mosi! Hebu niambieni, ni mkunga gani huyo aliyezalisha India nzima kwa siku moja?"

Akina mama wakacheka. Mzee Karsan hakucheka. Alisema polepole, "Alikufundisha wewe, dada." Nami nikamjibu kwamba ndiyo hasa sababu, sitaki mtu aje kusema nimempendelea mwalimu wangu. Akaikunja ile karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha katika bahasha, akasema, "Basi, tusisumbuane," akatoka bila kuusukuma mlango kwa nguvu. Afadhali angeusukuma.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Nilikula, nikaketi kwenye bembea yetu ya mbao pale sebuleni, bembea iliyoning'inizwa kwa minyororo tangu enzi za baba, nikaweka ule ukurasa wa Juni mosi mapajani na kalamu nyekundu sikioni. Joto lilikuwa kali, minyororo ililia taratibu, kwii, kwaa, kwii, kwaa, nami nilikuwa nikisema kwamba sitalala, nitapumzisha macho tu. Hivyo ndivyo wasemavyo wote wanaolala.

Nikajikuta nimesimama mbele ya lango la mji nisioujua. Mbingu zilikuwa zimejaa mawingu mazito ya mvua, yamevimba na kushuka hadi karibu na mapaa, lakini hata tone halikudondoka, na hewa ilikuwa na ile harufu ya vumbi linalongoja kuloa. Kila mlango ulikuwa na tarehe moja ukutani, Juni mosi, nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa, na kila mlango ulikuwa na tundu dogo la kuchungulia, na nyuma ya kila tundu kulikuwa na jicho. Nilijisikia niko nyumbani kabisa, na hilo lingetosha kunitia wasiwasi, lakini halikunitia. Langoni alinipokea mwanamke mrefu aliyevaa sari nyeupe iliyonyooka kama karatasi, miwani mitatu imening'inia kifuani, naye alitembea kinyumenyume ili asipitwe na kitu chochote mgongoni.

"Karibu, dada," alisema kwa sauti ya upole mno. "Jina langu ni Shaka. Tumekungoja siku nyingi, maana sifa zako zimefika huku. Lakini kabla sijakupitisha lazima nikuulize wewe ulizaliwa lini."

"Januari mosi," nilimjibu bila kusita. "Kila mwaka meli zikipiga honi bandarini kuukaribisha mwaka mpya, mimi husema zinanilia mimi."

Akatabasamu, akaandika, hakuuliza cheti. Akanishika mkono. Viganja vyake vilikuwa vikavu, na mwendo wake wa kinyumenyume ulinilazimisha niwe macho yake ya mbele, hata baada ya hatua chache sikujua tena ni nani anayemwongoza mwenzake. "Mji huu," alisema, "unakaliwa na watu mashuhuri waliozaliwa siku moja. Wote wamekuja kwa ujanja. Mimi nitakuonyesha, wewe utafuta. Anayekusalimu kwa furaha, jiulize anaficha nini. Anayenyamaza, jiulize maradufu. Na anayelia, mwache amalize, kisha mwombe vielelezo." Kila neno lake nililiona la busara, nikajuta kwa nini sikuwahi kuyaandika mahali.

Hapo nikagundua kwamba tunafuatwa. Nyuma yetu, kwa umbali wa nyumba mbili, alikuja msichana mwembamba aliyejitanda ushungi hadi kwenye nyusi, macho chini, amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Tukisimama naye alisimama. Nikamwuliza Shaka huyu ni nani, na bakulini kuna nini, maana mtu hafuniki bakuli lake bure. "Anaitwa Haya," Shaka alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa upole. "Mwombaji tu. Hukufuata kila uendako akitaka umtazame. Usimtazame." Sikumtazama, lakini upepo uligeuka ukaniletea harufu ya lile bakuli, nayo ilikuwa ya lapsi, ile ngano iliyopondwa inayopikwa kwa samli, sukari guru na iliki. Marehemu mama alinipikia lapsi mara moja tu kwa mwaka, siku ya tano baada ya Diwali, siku ambayo wenye maduka wa kwetu hufungua upya biashara zao baada ya sikukuu. Alinipaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akanipa bakuli la kwanza kabla ya baba, na nikimwuliza kwa nini alisema, "Kula tu." Nikafikiri huyu msichana ametumwa kunilainisha, nikaongeza mwendo.

Tulifika kwanza dukani kwa Bwana Fahari, muuza mashada ya maua na fremu za picha, mtu mnene mwenye kifua kilichotangulia tumbo. Alinivisha shada kabla sijasema lolote, kisha akanieleza siri ya mji. Watu, alisema, hutaka kuzaliwa siku moja na wakubwa; mkubwa mmoja akizaliwa Juni mosi, basi kila mwenye tamaa husogeza siku yake ikae karibu na ile, kama wanavyosogeza viti harusini ili waonekane pichani. Nilimwuliza huyo mkubwa wa kwanza alikuwa nani. Akajikuna kidevu, akatazama fremu zake moja baada ya nyingine, zote tupu, akasema jina limemtoka. Nikamwandika kuwa shahidi muhimu.

Mlangoni kwa Fahari alikuwa ameketi Bi Husuda, anachambua mchele, na kila chuya aliyoitoa aliitajia jina la mtu. Huyu nilimpenda mara moja. Alijua kila kitu: kwamba yule daktari hakuwa daktari bali mpika dawa wa mitaani, kwamba mpiga mieleka aliwahonga wapinzani wake waanguke, kwamba mwimbaji aliimbiwa na mwenzake nyuma ya pazia. Niliandika hadi kalamu ikapata moto. Kisha wakapita watu watatu mbele yetu, wakamwamkia vizuri, wakaenda zao, naye akaniinamia akanong'ona, "Hawa ni nani?" Walikuwa ni daktari, mpiga mieleka na mwimbaji. Nilipaswa kukirarua pale pale kile nilichoandika, lakini Shaka aliniambia kwamba shahidi anaweza kuwa kipofu na bado akawa na haki, nami nikakubali, kwa kuwa nilitaka kukubali.

Wale watatu tuliwakuta wameketi katika baraza ndefu pamoja na wenzao, viti kumi na vinne vimepangwa mstari mmoja. Walikuwa wazee safi, watulivu, na utulivu wao ulinichukiza. Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye mikono mikubwa, Daktari Moghi Parmar; mpiga mieleka, Ukabhai Vaja, masikio yake yamevimba kama maandazi; na mwimbaji, Bi Rambha Dave, alijifunika shingo kwa skafu ingawa joto lilikuwa jingi. Nikawasimamisha mmoja mmoja.

"Ulizaliwa lini?"

"Juni mosi," alijibu daktari.

"Nani aliyekwambia?"

"Mwalimu."

Nikamgeukia mpiga mieleka, naye akasema mwulize mwalimu. Mwimbaji akasema mwulize mwalimu. Kiti hadi kiti, wote kumi na wanne, jibu ni hilo hilo, mwulize mwalimu, mwulize mwalimu, na wanapolisema uso unawalainika kwa namna moja, kama watu waliofungana kiapo. Ninajua njama nikiiona. "Nilikwambia," Shaka alisema, sasa akitembea haraka hivi kwamba nililazimika kukimbia ili nimwonee njia. "Yuko mmoja anayewatengenezea wote. Mkamate huyo, na mji wote utakuwa mikononi mwako." Nyuma yetu nilisikia nyayo za Haya, peku, hazikuachwa.

Shule ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na meza moja, na nje yake palikuwa na foleni ya akina mama na watoto. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika katika daftari kubwa la kuandikishia wanafunzi, sikuuona uso wake. Tukajibanza nyuma ya mlango. Mama wa kwanza alisogea na msichana mdogo mwenye mikono mikubwa.

"Alizaliwa lini?" aliuliza mwalimu.

"Mwaka wa mafuriko, mwalimu. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua, siku ya pili. Nyati wetu mweusi alizaa usiku ule ule."

"Mama, kisanduku hiki kinataka tarehe. Nikiandika nyati, mkaguzi atamrudisha mtoto nyumbani."

"Tarehe siijui. Nilikuwa nimelala chini, nalia."

Mwalimu akamwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, kama tulivyopimwa sote, maana mtoto anayelifikia ndiye aliyetimiza umri wa kuanza shule. Mtoto akalishika. Mwalimu akachovya kalamu, akaandika: Juni mosi. "Ndiyo siku tunayofungua shule," alimwambia yule mama. "Hiyo hakuna atakayeipinga."

"Umeona?" Shaka alininong'oneza, pumzi yake baridi sikioni. "Ameghushi mbele ya macho yako. Futa." Nikatoka nyuma ya mlango, nikainama juu ya daftari, nikapiga mstari mwekundu juu ya jina la yule msichana. Mtoto akaliachia sikio, akashika pindo la sari ya mama yake, wakatoka wakaenda kwa njia waliyojia, na kule barazani nilisikia kiti kikisogea. Nilipotazama kupitia dirishani, kiti cha Daktari Moghi kilikuwa wazi. Shaka akapiga makofi kwa ncha za vidole. Nikamfuta wa pili, mvulana mwenye mabega mapana, na kiti cha Ukabhai kikawa wazi. Nikamfuta wa tatu, na mahali fulani mtu aliyekuwa akijaribu sauti chini chini akanyamaza. Nisidanganye: niliogopa, lakini raha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko hofu, ile raha ya mtu aliyekuwa na haki tangu mwanzo.

"Kokila," alisema mwalimu bila kuinua kichwa, "shika kalamu vizuri. Vidole vitatu, sio ngumi."

Vidole vyangu vikajipanga vyenyewe. Akainua uso, na alikuwa Mwalimu Jasumati, sio yule mzee wa mwaka jana, bali kijana mwenye msuko mmoja mweusi hadi kiunoni, kama nilivyomwona siku ya kwanza. Nikamwambia, na sauti ilinitoka nyembamba, kwamba amewadanganya watu wa kalenda.

"Nimewadanganya wa kisanduku," alisema. "Mtu mashuhuri akifa, mji mzima unakuwa shahidi, na tarehe inaandikwa na kila gazeti. Lakini mtoto wa maskini anapozaliwa shahidi ni mmoja, naye hana saa wala kalenda, ana uchungu. Mimi nami nilipelekwa shule na mama wa namna hiyo, na mwalimu wangu alinipa Juni mosi. Sikuwa na kitu kingine cha kumlipa isipokuwa kufanya kama yeye. Nilipovuka bahari kuja Tanga nikakuta shule za huku hufunguliwa Januari. Basi nikabadilisha siku, kazi ikawa ile ile. Nani anayefuata?"

Aliyefuata alikuwa mama yangu. Alikuwa na ile sari yake ya kijani yenye kiraka begani, na alimshika mkono msichana aliyevaa gauni kubwa mno, lililoshonwa ili liishi miaka mitatu. Hakuniona. Alisema na mwalimu kwa kutetemeka kidogo, kama alivyotetemeka mbele ya kila mwenye kalamu. "Alizaliwa siku ya tano baada ya Diwali, mwalimu, maduka yalikuwa yanafunguliwa, nilisikia milango ya bati ikiinuliwa mtaani. Mwaka wenyewe ni ule ambao injini ya mume wangu iliacha reli Korogwe." Mwalimu akamwambia msichana ashike sikio. Msichana akanyoosha mkono juu ya kichwa, akanyoosha, ncha za vidole zikaishia kwenye nywele. Hakufikia. Mama akafumba macho. Ndipo Mwalimu Jasumati akauweka mkono wake kwenye shavu la yule mtoto na kukiinamisha kile kichwa, kidogo tu, kama mtu anayesawazisha picha ukutani, hadi sikio likavifikia vidole. Akaandika: Kokila, Januari mosi.

"Huu ni wizi kabisa," Shaka alisema. "Hata umri haujatimia. Futa, dada. Umewafuta wengine, utamwacha huyu kwa sababu gani?" Naye alikuwa na haki, hapo ndipo penye balaa, kila alilolisema Shaka siku ile lilikuwa na haki ndani yake. Sikuwa na sababu yoyote ya kumwacha. Mkono wangu, ambao kwa miaka kumi na tisa haujawahi kusita, ukashuka, na ncha nyekundu ikagusa herufi ya kwanza ya jina langu. Papo hapo daftari lote likageuka. Maandishi yakawa wadudu, mistari tu, vijiti na vitanzi, sikuweza kusoma hata neno moja, wala ubao ukutani, wala tarehe milangoni, nikawa nimesimama katika mji wa alama nisizozijua nikiwa mwanamke mzima asiyejua kusoma, na sikuwahi kuogopa hivyo maishani mwangu. Nikamtafuta Shaka anishike mkono. Alikuwa akienda zake kinyumenyume, uso kwangu, akitabasamu kwa upole, mpaka akapotea.

Aliyekuwa karibu alikuwa Haya. Kwa kuwa sikuwa na wa kumtazama mwingine, nilimtazama, naye akaushusha ushungi. Hakuwa na sura ya kutisha. Alikuwa msichana tu aliyechoka kufuata. "Hakuna aliyekwambia uache kuuliza," alisema. "Lakini umewauliza wote, dada, isipokuwa huyu mwenye kalamu." Akaniwekea bakuli mikononi, akakiondoa kitambaa, na mvuke wa lapsi ukanijia usoni. Juu, kwenye paa la bati, tone la kwanza likagonga.

Niliamka bembea imesimama na ukurasa umeanguka sakafuni. Ilikuwa saa tisa na dakika chache, jua bado kali, hakuna mvua wala nini. Nilikaa nikijiambia kwamba ndoto ni wali na dengu, na kwamba akili iliyochoka hushona vipande vyovyote. Kisha nikajiuliza swali moja dogo, swali ambalo ningemwuliza mtu yeyote mwingine katika dakika ya kwanza. Wenye maduka hupika lapsi siku ya tano kwa ajili ya maduka yao. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Hatukuwahi kuwa na duka. Mama alikuwa anafungua nini, kila mwaka, kwa alama nyekundu kwenye paji langu?

Nikaenda chumbani nikalitoa sanduku la bati. Nilimdai Mzee Karsan cheti cha kuzaliwa kana kwamba mimi ninacho. Nilichonacho, nilichopatia pasipoti na kila kitu maishani, ni karatasi ya shule, imekunjwa mikunjo ya zamani. Kokila, binti wa Vaghela, Januari mosi. Mwandiko ule ningeutambua popote, kwa sababu ni kwa kuuiga ndipo nami nilipopata wangu. Nililia pale sakafuni, na nalisema hili wazi kwa kuwa nimesema mengine yote.

Mzee Karsan nilimkuta karakanani kwake anapiga randa mguu wa kiti. Aliponiona hakuacha kazi. "Umekuja kukagua nini tena, Kokilaben?"

"Nimeleta cheti changu," nikamwambia, nikaiweka ile karatasi juu ya meza yake, katikati ya takataka za mbao.

Akajifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma. Akaigusa ile tarehe kwa kidole. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea, na yeye akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akavuta kiti kimoja nikae.

"Kwa hiyo na wewe ni mmoja wao," alisema. "Mimi sikujua ni akina nani. Nilijua wapo tu. Kila Januari mosi Jasu aliamka alfajiri akapika lapsi sufuria nzima, sisi watu wawili, tutamaliza wapi? Nilikuwa nikimwuliza, hii yote ya nini, na wewe huna mume wala mtoto. Akaniambia, kula, Karsan, nina watoto wengi waliozaliwa leo."

Nilimwomba ile bahasha, akanipa. Kesho yake saa nne mpiga chapa alipokuja, majina yote kumi na manne yalikuwa pale kushoto, bila alama hata moja, na la kumi na tano ni Jasumati Mistry, mwalimu. Na upande wa kulia, peke yake, Jasumati Mistry, mwalimu. Kisha nikamwambia mpiga chapa anisubiri kidogo. Nilikwenda ukurasa wa Januari mosi, ambapo nafasi ilikuwa imebaki na nilikuwa nimeweka picha ya ua, nikaliondoa lile ua, na mahali pake nikaandika kwamba siku hiyo wamezaliwa wasichana wengi wa Tanga, na mama yao ni mmoja.